Bibi Kidole na Jasusi Aliyeapa Kutosema Uongo

Walimwita Bibi Kidole kwa sababu hakuweza kusoma bila kidole, naye akaitika bila kuona haya. Kidole chake cha shahada, chenye kovu pale sindano ya cherehani ilipowahi kupenya ukucha, kilitangulia juu ya karatasi kama fimbo ya kipofu. Jicho likafuata, na nyuma ya jicho ukaja mdomo, kwa sauti. Kusoma kimyakimya hakukujua. Alijifunza herufi akiwa mtu mzima mwenye watoto, katika darasa la jioni, na humo walifundishwa kutamka. Basi kwake kutamka ndiko kusoma. Wale wanaokodolea karatasi wamefumba midomo aliwaona sawa na mtu anayekitazama chakula, kisha akajipangusa midomo na kusema ameshiba.

Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Chumba cha cherehani kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lilitazama duka la mabati na misumari la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Katikati ulipita uchochoro ambao mbuzi wawili wasingepishana. Shemeji huyo ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Walipendana wale, lakini kwa kuchokozana, na usidhani hata mmoja aliwahi kukubali kushindwa.

Kanisani kwao palikuwa na kabati la vitabu vya vijana, na kabati lilikuwa na sheria yake. Huko nyuma kitabu kimoja kichafu kiliingia humo kimevaa jalada la maua, kikazunguka nyumba nyingi kabla ya mzazi mmoja kukifungua. Tangu hapo Mwenyekiti akaweka sheria: hakiingii kitabu mpaka mtu mzima akisome, kisha asimame mbele ya watu baada ya ibada na kutamka, "Nimekisoma chote, na kilivyo ndivyo nilivyokisoma." Asiposimama mtu, kitabu kinarudi kilikotoka. Bibi Kidole yeye alivishona tu vile vilivyokubaliwa, maana vitabu vya siku hizi vimebandikwa gundi, na vijana wakivifungua mara mbili vinamwaga kurasa kama kuku anayenyonyoka.

Ikatokea familia moja iliyokuwa ikihama ikaacha sanduku la vitabu kanisani. Ndani mlikuwa na vinne vya mfululizo mmoja, hadithi za msichana jasusi. Kwenye jalada la kwanza msichana mwenyewe anakimbia juu ya paa, suruali imembana, tochi mkononi.

"Nani atavisoma?" Mwenyekiti akauliza. Wazee wote wakaanza kukagua vidole vyao vya miguu.

Bibi Kidole alikuwa pembeni akipima madirisha ya kushonewa mapazia. "Lete hapa," akasema.

"Shemeji!" Mwenyekiti akacheka. "Wewe na herufi mna ugomvi wa tangu zamani."

"Na nani anamjua mtu kuliko mgomvi wake?"

"Vinene hivi."

"Hata wewe ni mnene, na nimekuvumilia."

Wazee wakaangua kicheko. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, naye alikuwa ameshayavulia mbele ya wazee wote wa kanisa.

Kwa kweli alivichukua ili avikatae. Msichana wa watu anatafuta nini juu ya paa? Alimwambia hivyo mjukuu wake, binti wa sekondari aliyeishi naye na kumsaidia kushona vifungo.

"Bibi, utahukumu kwa jalada?"

"Nimewavisha watoto wa mji huu tangu mama yako anatambaa. Najua nguo inavyoficha mtu. Kaa, tuone kilichofichwa."

Akafungua cha kwanza, kidole kikaanza safari. Msichana wa kitabuni aliitwa Njiwa na wakubwa wake, nao walikuwa watu wanaowasaka wezi wa dawa za hospitali. Lakini huyu Njiwa alikuwa ameapa kando ya kitanda cha mama yake kwamba hatasema uongo maisha yake yote. Jasusi, na hasemi uongo! Bibi Kidole akakunja uso, akangoja amwone anavyojikwaa. Hakujikwaa. Alikaa pale ambapo hakuna anayetazama, akabeba ndoo kama mfagiaji, akanyamaza. Akiulizwa swali alijibu kweli, ila kweli ile aliyoulizwa tu, hakuongeza hata chumvi.

"Mjanja huyu!" Bibi akapiga meza. Jioni ile mjukuu aligundua mfuko wa shati umeshonwa mdomo chini.

Ikawa hivyo siku zote. Alishona asubuhi, akasoma alasiri, na sauti yake ikatoka dirishani ikavuka uchochoro. Upande wa pili nyundo zikaanza kupungua. Mwenyekiti akahamisha kiti chake mpaka kwenye ukuta wa uchochoroni, akisema anafuata kivuli, na ukuta ule jua lilikuwa linaupiga kweli kweli.

Uchafu aliutafuta kwa bidii, msimsingizie. Matusi hakuna. Kuvua nguo hakuna. Palikuwa na kijana mmoja kwenye cha pili aliyempa Njiwa mkono wakati wa kuagana, na mkono ule ukakaa kidogo. Bibi akarudia ukurasa huo mara mbili ili ahakikishe.

"Bibi, umeupenda," mjukuu akasema.

"Naukagua!"

Wakafika cha tatu. Njiwa amempata mtoto mchanga aliyeibwa, amemlaza kwenye kapu, amemfunika kitambaa, anatoka naye kwenye lango la wezi. Mlinzi anamsimamisha. Anamuuliza, umebeba nini? Kunyamaza hakuwezekani tena, na kweli ingemuua mtoto. Kidole cha Bibi kikasogea polepole kuliko siku zote, mdomo ukatamka jibu la Njiwa: "Mikate."

Mjukuu akaacha sindano yake hewani.

"Mwongo!" Bibi akafoka, akakifunga kitabu kwa kishindo. Alimkasirikia kama vile ni mwanawe aliyemdanganya.

Ndipo ikatoka sauti nyuma ya ukuta. "Nilijua! Njia ya mwongo ni fupi, Shemeji! Hiyo yenu imeishia langoni!"

Bibi Kidole akainuka. Hasira yake ikamwacha Njiwa, ikahamia jirani. "Kumbe kivuli unachofuata ni hiki? Unasikiliza vya watu bure, kisha unatucheka?" Akavuta dirisha, akakaza komeo. Akachukua vitabu akahamia chumba cha nyuma kilichopakana na jiko, na huko, jasho likimtiririka, akamalizia cha tatu na kusoma cha nne chote. Mwenyekiti hakusikia tena hata neno. Alichobaki nacho ni uongo wa langoni, na mlio wa komeo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana yote yaliyotokana na uongo ule yalikuwa kwenye cha nne. Mlinzi wa lango alifukuzwa kazi kwa kumpitisha msichana na kapu. Hakuwa mwizi, alikuwa mtu wa mshahara tu, hakujua analinda nini. Watoto wake wakatolewa shule. Njiwa akapata habari. Wakubwa wake wakamwambia aachane nayo, mtoto si amepona? Hakuachana nayo. Akaenda peke yake, akabisha mlango wa yule mtu, akasema, "Haikuwa mikate." Mlinzi akamfungia mlango usoni. Njiwa akakaa kwenye ngazi, akarudi kesho yake, na kesho yake tena.

Bibi Kidole alilia hapo, akajipangusa kwa kola ya sare ya mtu. Kisha, bila kungoja vikubaliwe, akafanya kazi yake. Alinunua kwa fundi viatu ule uzi mnene, akaupaka nta, akatoboa migongo ya vile vitabu vinne kwa msumari wa fundi, akavishona, mshono wa kwenda na wa kurudi. Mjukuu akakivuta kimoja huku na huku.

"Hiki kitatuzika, Bibi."

"Ndiyo kazi yake."

Jumapili iliyofuata, kabla ya ibada, aliitwa chumba cha wazee. Mjukuu alimbebea vitabu. Mchungaji, kijana mpole aliyekuwa na kikohozi cha kutafutia maneno, alikuwa ameketi. Mwenyekiti alikuwa amesimama, na mezani mbele yake palikuwa na wembe mpya bado umo kwenye karatasi yake.

"Shemeji," akasema, "mimi si mtu mbaya. Vitabu vizuri, nimesikia mwenyewe. Dawa zimerudi hospitali, wezi wamefungwa, msichana anasali. Lakini pale langoni anadanganya na anafanikiwa. Tutawafundisha nini watoto? Tutoe kurasa zile tu. Vitabu vyote vinne viingie kabatini leo leo, nawe usimame uvisemee."

"Nisemeje?"

"Kama kawaida. Nimekisoma chote."

"Na kilivyo?"

Mwenyekiti akakuna shingo.

"Malizia, ni maneno yako, wewe ndiye uliyeyatunga," Bibi akasema. "Na kilivyo ndivyo nilivyokisoma. Sasa mimi nilikisoma kina lango, kina mlinzi, kina mikate. Ukikikata, nikisimama pale nakuwa nimesema nini?"

Mchungaji akakohoa.

"Yule binti alidanganya kwa kuokoa roho, na kulala hakuweza tena," Bibi akaendelea. "Nyinyi mnataka mimi, mwanamke mzima, nidanganye kanisani kwa kuokoa kurasa mbili! Uongo wenyewe unalipwa kwenye cha nne. Ukiutoa kwenye cha tatu, kwenye cha nne binti analia mlangoni pa mtu bila sababu, kama mwehu."

"Unakitetea kwa kuwa umekipenda."

"Nimekipenda. Kupenda kwangu kumekikosea nini?"

Mjukuu, aliyekuwa ameambiwa abebe tu, akashindwa kuvumilia. "Babu, mkikikata mimi siazimi tena humu. Wala wenzangu. Tutajua kila kitabu cha humu kimepita kwenye wembe."

"Huyu naye!" Mwenyekiti akachomoa wembe, kisha akaona haya kuutumia mbele ya mchungaji. Akaurudisha. Akakifungua kitabu cha tatu, akautafuta ukurasa, akaushika kwa vidole vyake vya kupinda mabati, akavuta taratibu kama mtu mstaarabu. Haukutoka. Akavuta kwa nguvu. Kitabu kizima kikamfuata, uzi wa kiatu ukatoa mlio, ukurasa ukabaki mahali pake.

"Nimeshona mimi hicho," Bibi akasema. "Ukitaka mbili, ng'oa zote."

"Ulijua!"

"Sikujua kitu. Mimi ndivyo ninavyoshona." Akauchukua wembe akausukuma mbele yake. "Au kata. Lakini ukikata sisimami, na nisiposimama mimi, asome mwingine tangu mwanzo. Nani? Wewe?"

Mwenyekiti akamtazama mchungaji. Mchungaji akatazama vidole vyake vya miguu, kisha akainua uso. "Sheria inasema chote, Mzee," akasema. "Haijasema isipokuwa."

Baada ya ibada Bibi Kidole akasimama. Hakwenda na karatasi. Akaweka kidole juu ya vile vitabu vinne kama anayeapa.

"Nimevisoma vyote, na vilivyo ndivyo nilivyovisoma. Havina matusi, havina uchafu. Kuna mkono mmoja wa kuagana, wazazi msizimie. Kuna uongo mmoja, mkubwa, na aliyeusema anaulipa mpaka inauma. Kwenye cha kwanza sala zinajibiwa haraka mno, kama vile Mungu amekaa kwenye simu. Mimi nimesali miaka kwa jambo langu moja na bado nangoja, na bado nasali. Aliyetunga alijirekebisha baadaye. Na yule bibi yake Njiwa sikubaliani naye! Kazi yake ni kukaa kitini, kubariki watu, kisha anatekwa nyara kama mzigo. Bibi gani huyo asiye hata na sindano mkononi? Vijana, someni, lakini bibi mtafuteni nyumbani. Nimemaliza."

Watu walicheka hadi wakasahau kutawanyika. Kwenye kabati, msimamizi wa funguo siku hiyo alikuwa mjukuu, na vijana walipanga foleni mpaka nje. Nyuma yao wote, akitazama juu kama anayekagua mabati ya kanisa, alisimama Mwenyekiti.

"Nipatie cha nne," akanong'ona zamu yake ilipofika.

"Kimeazimwa, Babu. Kina foleni."

"Huyo mlinzi, kwani, alirudishiwa kazi?"

"Bibi amesema nisimwambie mtu."

Wiki ile ikapita Mwenyekiti akipigilia misumari bila raha. Cha nne kiliporudi, Bibi Kidole akakiazima yeye, akisema anataka kuukagua mshono. Alasiri akaketi penye cherehani, akafungua ukurasa wa kwanza, akanyanyua kidole, akakumbuka kitu. Akainuka, akalegeza komeo, akalisukuma dirisha la uchochoroni mpaka likagonga ukuta.

"Bibi, unamfungulia Babu?" mjukuu akauliza.

"Babu yupi? Nafungua hewa."

Upande wa pili kiti kikaburuzwa. Bibi akasafisha koo, akaanza kutamka, kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.