Swali la Kiangazi

Mama yule hakunikaribisha. Nilipoingia soko la mifugo la Garissa na hojaji zangu, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akawaambia wafugaji wenzake kwa Kisomali jambo lililowachekesha wote isipokuwa mimi.

"Eedo," nikamwita, yaani shangazi, neno nililojifunza asubuhi ile, "nataka kuuliza juu ya ukame."

"Mimi si eedo yako. Na wewe ni mtu ya nne. Wote ukame, ukame. Huko kwenu Kenya hakuna swali ingine?" Kwa watu wa huko, Kenya ilikuwa Nairobi na bara.

Nilimweleza kwa upole kwamba ukame unaua mifugo.

"Unanifundisha? Ukame najua, nahama. Lakini mvua ikikuja, mbuzi yangu inatupa mimba, wiki moja, yote. Hiyo sijui. Hiyo uliza! Wakati hiyo mko wapi?"

Niseme ukweli, kwani huenda nawe unatafuta mada yako ya kwanza ya utafiti, na ningependa usipotee nilikopotea mimi. Wakati wa mvua sisi watafiti tulikuwa Nairobi. Barabara ikigeuka tope, Landrova ya idara yetu ya chuo kikuu haikupita. Kwa hiyo tulikuja kiangazi, na tukija kiangazi tuliona ukame. Mada zetu zilichaguliwa na barabara.

Nilimwandikia msimamizi wangu nikiomba kubadilisha mada na kungoja mvua. Alijibu kwa mstari mmoja: fomu zijazwe kabla ya mwisho wa mwezi. Nikatii. Yule mama alikataa kujibu, na waliojibu walinidanganya huku wakikonyezana mbele yangu. Shahada nikaipata.

Mwishoni mwa miaka ya tisini zilinyesha mvua kubwa mno. Safari hii nilikwenda bila ruhusa, juu ya lori la unga lililokwama siku tatu, nimekumbatia sanduku la chupa za kuwekea damu ya mbuzi ili ipimwe. Nilimkuta mama yule nje ya boma lake. Lango lilikuwa wazi, na ndani hamkuwa na mnyama hata mmoja.

Alichukua chupa moja, akaigeuzageuza.

"Chupa mzuri," alisema. "Utaweka nini?"

Akanirudishia kwa kunisukumia kifuani, akaonyesha kwa kidevu boma la jirani, ng'ambo ya maji.

"Ile bado iko na mbuzi kidogo. Kimbia. Na ukifika, usimwite mtu eedo."

Nikavua viatu, nikaingia majini.