Siku Nilipomfinya Shazi Nyonga Mbele ya Wakwe

Mimi niliishia darasa la pili, kwa hiyo mwandiko wangu msiucheke, chekeni hili nililolifanya Ruangwa, maana kucheka mtacheka tu, hata mimi mwenyewe siku nyingine naanza kucheka peke yangu jikoni, halafu naukumbuka uso wa mjukuu wangu Nasra, nanyamaza.

Hawa watu wanaoitwa mastaa mimi sijawahi kuwaamini. Uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi, kope kama ufagio wa chelewa, kucha ndefu mpaka najiuliza mtu huyu akiingia chooni anafanyaje. Na nyonga! Kiuno chembamba kama mchi, chini yake kinu (mimi nimezaa watoto tisa na nyonga za namna hiyo sikuzipata, wao hata mmoja hawajazaa). Jirani yangu hapa Kiegei, Bi Zaituni Mchopa, ana simu kubwa, basi kila jioni anakuja nayo barazani kwangu ananionyesha huyo Shazi wa filamu za Dar es Salaam.

"Shoga, huyu Mungu kamjalia. Mrembo wa asili huyu."

"Asili ya kiwandani," namjibu, na hapo tunaanza kubishana, nyonga za huyu, mashavu ya yule, mpaka adhana ya magharibi.

Ikatokea Nasra akaposwa. Huyu ni mtoto wa marehemu binti yangu Asha, nimemlea mwenyewe tangu ananyonya. Mposaji ni Saidi wa Ruangwa, wa ukoo wa kina Lipande, na kina Lipande na sisi ni watani tangu enzi za babu zetu: akifa mtu kwao sisi tunakwenda kufanya vituko msibani, akioa mtu kwetu wao wanatuzibia mlango, na mtani akikutania vibaya vipi huna ruhusa ya kununa. Sasa sikilizeni. Huyo Shazi ni binamu yake Saidi! Jina lake la haki ni Somoe binti Mfaume Lipande, na baba yake namjua, alikuwa fundi baiskeli pale sokoni, na bibi yake Bi Sijali namjua pia, mwanamke mkavu kama ubao (ndiyo maana nilijiuliza, mjukuu kazitoa wapi?).

Nikamwambia Bi Zaituni, "Akija harusini mimi ni mtani wake, nitamshika nijue." Maneno hayo tu. Ningeuma ulimi siku ile, leo nisingekuwa naandika.

Jumamosi tukafika Ruangwa. Zamani mwali alivishwa na bibi yake, na mimi nilikwenda na hina yangu na doti mbili za khanga mpya, lakini Nasra akaniambia, "Bibi, wewe pumzika, nitavishwa saluni." Nikanuna, nikapumzika. Aliporudi kavaa gauni la kumbana, kajaa, nikamtazama nyuma na mbele, nikasema moyoni, kumbe ugali wangu wa muhogo umefika mahali pake.

Mchana kina mama wa pande zote mbili tukakaa kwenye mikeka uani kwa wakwe, bibi harusi kwenye kiti chake na shela usoni, ndipo Shazi akaingia. Simu zote juu! Utadhani kaingia mtume. Akanijia akapiga goti, "Shikamoo, bibi." Nikamwitikia, "Marahaba, mtani," huku macho yangu yako kiunoni.

Muziki ukapigwa, akaanza kucheza akienda kumtunza bibi harusi. Na mimi nikainuka, mguu wangu mbovu nikausahau, nikacheza mpaka nyuma yake, nikamshika nyonga kwa mikono miwili, nikafinya. Inabonyea, inarudi! Ningerudi kukaa na siri yangu, lakini wapi, nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Kina mama, nimeshika! Hili ni godoro! Mwanamume wa kumuoa huyu aje na mto na chandarua!"

Uani kukalipuka. Vigelegele vikanilewesha, nikaendelea. "Mwanamke ni huyu wa kwangu! Kila mnachokiona kwa Nasra kimetoka kwa Mungu na kwenye sufuria yangu!"

Nasra akawa anatikisa kichwa chini ya shela, na mimi, mjinga wa mwisho, nikadhani ni haya za bibi harusi.

Shazi hakununa. Akapokea kipaza sauti taratibu. "Bibi, umenishika kwa utani, sawa, ila na mimi ni mtani, nina zamu yangu. Godoro ni langu kweli, nimelinunua Kariakoo. Lakini nilikuja na mawili. La pili nimemfunga mtu kwa mikono yangu asubuhi hii saluni. Simtaji."

Hakumtaja. Ila Nasra aliweka mikono yake yote miwili kiunoni, na watu wote uani wakaiona.

Mama yake Saidi, Bi Mariamu, akaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mkwe, tumepokea mke au tumepokea na fenicha?" Watu wakaanguka kwenye mikeka kwa kicheko. Utani ni utani, nami ndiye niliyeuanza. Nasra alikwishakimbilia ndani. Kabla ya magharibi Bi Zaituni alikuwa ameshayaona yote kwenye simu yake, huku Kiegei.

Nikamfuata chumbani. Kajifungia. Nikamwambia nikiwa nje ya mlango, "Mjukuu wangu, godoro la nini, na wewe mzuri?"

Akanijibu akilia, "Leo ndiyo unaniambia? Kila jioni wewe na Bi Zaituni, nyonga za huyu, nyonga za yule. Mimi nilikuwa napita mbele yenu na ndoo kichwani. Hata siku moja hukuinua macho kwenye ile simu ukasema Nasra naye mzuri."

Ndoa haikuvunjika. Saidi alicheka, akasema yeye alimpenda Nasra alipomwona akipalilia ufuta na gauni limelowa jasho, hakuna cha sponji, basi yakaisha kwa upande wao. Kwangu hayajaisha. Nikimpigia simu anapokea Saidi, ananisalimia vizuri sana, ananiambia Nasra yuko kisimani.

Nimeapa mkono wangu hautagusa tena kiuno cha mtu, na simu ya Bi Zaituni nimemwambia aangalie kwake. Shazi bado simwamini hata ukucha. Lakini Nasra ni mzuri. Neno hilo naliandika hapa, kwa sababu nilipotakiwa kulisema nilikuwa nimeshika nyonga za mtu mwingine.