Msalaba Chini ya Mkate

Mmarekani yule alitema mate kwenye kichupa, maabara ya kupima ukoo ikamwambia ana ndugu Brussels. Nilicheka, wallahi. Sisi tulikimbia Bujumbura na majina ya ukoo mzima kichwani, mzungu anayauliza mate! Makubwa.

Ndugu mwenyewe ni bibi ninayemtunza huko Auderghem, mtaa wa Brussels. Hana mume, hana mtoto, na subira hana kabisa. "Anataka nyumba yangu huyo," aliniambia. "Mpe kahawa, binti yangu, halafu aende zake."

Bon, akaja. Mama wa makamo, mnene, Kifaransa cha kuungaunga. Babu wa baba yake na babu wa bibi huyu walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mmoja alipanda meli kwenda Amerika, hakurudi. Akatoa picha. Bibi akazisukuma pembeni: "Picha za zamani watu wote wanafanana." Nilimhurumia mgeni. Alivuka bahari apate mtu wa kumwita shangazi, na shangazi anatazama saa.

Nikaleta mkate mzima, maana bibi hataki uliokatwa na mashine. Mikono yake inatetemeka, donc mgeni akashika kisu. Akaugeuza mkate, akauchora msalaba chini kwa ncha ya kisu, kama kuubariki, huku anaendelea kuongea habari za ndege. Kisha akakata.

Bibi akaweka kikombe. "Nani amekufundisha hivyo?"

"Kufanya nini?" Mgeni alishtuka, hakujua kama amefanya kitu. Bibi akamwonyesha msalaba. Ah, huo? Baba yake alifanya hivyo, na bibi mzaa baba pia. Alidhani mkate hukatwa hivyo dunia nzima.

"Mama yangu," bibi akasema. "Tangu afe, sijaona mtu akifanya."

Mimi Mwislamu, msalaba si wangu, lakini niliinama niutazame vizuri. Lugha wameipoteza, hata jina la ukoo limebadilika, na mkono bado unakumbuka! Niliwavulia kofia watu niliowacheka. Nikamwaza binti yangu, mzaliwa wa Schaerbeek, hapa hapa Brussels. Bujumbura haijui, ila kila akimwaga maji ya moto kwenye sinki husema bismillahi kwanza, kama mama yangu. Sikumbuki kumfundisha.

Kahawa ilipokwisha, mgeni akavaa koti, akakusanya picha zake. Bibi akamshika mkono.

"Unaenda wapi wewe? Kaa. Mkate haujaisha."