Upande wa Kushoto wa Chanja

Walisema sitamaliza chuo. Fundi cherehani mmoja wa mtaani kwetu Mwanga aliniambia nitarudi na begi lile lile nililoondoka nalo. Nilirudi na diploma ya tiba ya macho, niliyoisomea nje ya nchi huku nikifagia maghala ya watu, na mashine ndogo ya umeme wa betri ambayo hapa kwetu hakuna aliyewahi kuiona.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama yangu mdogo, muuza dagaa wa Kibirizi, kando ya ziwa. Kiharusi kilimwachia miguu na ulimi, kikachukua nusu ya kushoto ya kuona kwake. Macho yalikuwa mazima. Kilichoumia ni ubongo, kule kisogoni. Dagaa wa upande wa kulia wa chanja, uchaga wa kuanikia, aliwageuza vizuri, wa kushoto wakaoza. Binti zake walimpa muda mpaka mwisho wa kiangazi, kisha aache kazi akae nyumbani kwao Rusimbi.

Daktari ninayefanya naye kazi alimpima, akaniruhusu.

"Unataka kunipiga shoti?" mama mdogo aliuliza.

"Utasikia mwasho tu, mama."

Nilimweleza kwamba ubongo wa mtu mzima bado hujifunza. Umeme ule mdogo ungeusaidia wakati akifanya mazoezi ya kutazama kushoto. Peke yake usingetosha.

Siku ya kwanza, kibandani kwake, nilichovya sponji mbili katika maji ya ziwa nikamfunga kichwani. Mashine ikalia, ikagoma. Nilikagua waya, nikabadilisha betri, wanawake wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wakinitazama.

"Si ulisema maji ya chumvi?" aliuliza. "Haya ndiyo tunakunywa."

Akaagiza chumvi ya Uvinza, ile ya kupaka samaki wa migebuka, akaikoroga mwenyewe. Umeme ukapita, mashine ikakubali.

"Diploma yote hiyo, mwanangu, imeshindwa na kijiko cha chumvi."

Walicheka sana. Mimi nilianza kuhesabu dakika za umeme.

Kila asubuhi nilitawanya vifuniko vya soda kushoto kwake, naye akavitafuta. Wiki za kwanza hakuona kitu. Kisha akasema kuna kitu kimepita. Pembeni kabisa ukungu upo mpaka leo, sitadanganya. Wengine husema ni mazoezi tu yaliyomsaidia. Waseme, niliyekuwa naye kila asubuhi ni mimi.

Kiangazi kilipoisha binti zake walikuja kumchukua. Wakamkuta anageuza dagaa, ameanzia kushoto, polepole, kichwa kikitangulia mkono. Walisimama wakimtazama mpaka akafika mwisho wa chanja.

"Mmesimama nini?" aliwauliza. "Leteni magunia."