Kimya cha Clifford Entwistle

Kiti alichokijali Edna Nuttall kuliko vyote kilikuwa kigoda cha mbao kisicho na mto, nyuma ya pazia la kulia, katika ukumbi wa chama cha waimbaji wa Haslow, mji wa Lancashire, Uingereza. Pale wenye maduka na wafanyakazi wa viwandani hugeuka wafalme na malkia kwa siku nne kila mwezi wa Machi. Edna mwenyewe hakuwahi kuimba. Kazi yake ilikuwa kumkumbusha maneno mwigizaji aliyekwama, na kwa miaka ishirini na miwili aliifanya vizuri hata watu wakasahau kwamba yupo. Alipenda iwe hivyo.

Kosa lilikuja mwaka 1970. Clifford Entwistle, muuza nyama mwenye sauti nene kuliko zote mjini, aliigiza askari mzee anayemsamehe mwanawe. Akafika kwenye "Mimi, babako," akanyamaza. Edna akahesabu pumzi tatu, kisha akamrushia neno: "Nakusamehe." Likasikika hadi viti vya nyuma. Ukumbi ukaangua kicheko pale palipotakiwa machozi. Baadaye Clifford akamwambia kila mtu kwamba alinyamaza makusudi, na kwamba kimya kile alikifanyia mazoezi nyumbani mbele ya kioo, Edna akakivunja.

Watu wa jukwaa wanasamehe mengi, hata ukiangusha ukuta wa mandhari, lakini kumkatiza mwigizaji kimya chake hawasamehi. Mwaka mzima, kwenye kiwanda cha viatu vya nyumbani alikofanya kazi, wenzake walikuwa wakikatisha sentensi katikati na kumkodolea macho. "Tusaidie, Edna. Neno gani linafuata?" Alicheka nao, kisha akienda chooni anajifuta macho.

Mwaka uliofuata chama kilichagua mchezo wa nyimbo wa mwenye kinu cha kusagia nafaka na mjane, wa zamani hasa, ambao bibi zao waliuimba wakifua nguo. Mwongozaji alikuwa Maurice Haydock, karani wa benki, mtu wa kunyoosha tai hata akiwa peke yake. Siku ya kwanza ya mazoezi akamsimamisha Edna mbele ya wote.

"Bi Nuttall, mwaka huu nakupa nafasi. Ukimkatiza Clifford tena, hata mara moja, kigoda nampa mwingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Bwana Haydock."

Basi akajipanga. Kila palipokuwa na kimya alichora duara kwa penseli kitabuni na kuandika ni pumzi ngapi. Alimfuata Clifford dukani kumuuliza vimya vyake vina urefu gani, naye, bila kuinua uso kutoka kwenye soseji, akamjibu kwa ukali kwamba atajua tu. Lakini vimya vilihamahama. Leo pumzi mbili, kesho tano, pale pale. Edna akafuta na kuandika upya hadi karatasi ikatoboka, na usingizi ukampaa.

Jumatano, siku ya kwanza, ukumbi ulijaa pomoni. Haydock alikaa mstari wa tatu. Sehemu ya kwanza ilipita salama. Katika sehemu ya pili mwenye kinu alisimama mbele ya mjane aliyekuwa tayari amefunga mizigo.

"Ukiondoka leo," Clifford akasema, "nyumba hii itabaki..."

Duara. Pumzi nne. Edna akahesabu moja hadi nne, na neno halikuja. Tano. Akisema, na kumbe mtu ananyamaza makusudi, kigoda kimekwenda, na mji utapata kicheko cha mwaka mwingine. Asiposema, na kumbe mtu amesahau, basi anamwacha azame mbele ya majirani zake wote. Sita. Mpiga piano akaacha mikono hewani. Saba. Mtu akakohoa. Edna alimchukia Clifford kwa roho yake yote wakati ule, yeye na vimya vyake.

Ndipo Clifford akageuka polepole, akaupa ukumbi mgongo kama mtu anayeficha machozi, akatazama moja kwa moja pale gizani alipokaa Edna. Midomo yake ikacheza bila sauti.

Mtu wa Haslow hahitaji kuelezwa hili. Kwenye vyumba vya kufumia nguo mitambo ilipiga kelele hata ukipayuka husikiki, kwa hiyo watu walisema kwa midomo, wakiipanua sana, na umbea ulivuka chumba kizima bila sauti. Edna alifuma tangu ana miaka kumi na minne hadi kiwanda cha nguo kilipofungwa, ndipo akahamia kwenye viatu. Clifford naye alifuma ujanani, kabla ya kurithi bucha.

*Sina neno,* ilisema midomo. *Edna, sina kitu.*

Edna akainama mbele hadi mwanga wa jukwaa ukakaribia kumgusa usoni, akampa kwa midomo mitupu: *mawe matupu.* Akampa na mstari wa pili, na wa tatu. Clifford akageuka, akayasema. Ukumbini leso zikatoka.

Pazia lilipofungwa Haydock alikuja nyuma akimtikisa Clifford mikono yote miwili, akisema kimya kile nusura kimsimamishe moyo. Edna naye akapewa somo lake: umeona sasa, mtu akiachiwa nafasi yake? Edna alisubiri chumba cha kuvalia kibaki watu wawili.

"Na mwaka jana?" akauliza.

Clifford aliendelea kujifuta rangi usoni. "Mwaka jana pia. Nilisahau. Nikaona aibu, nikakutupia wewe."

"Mwaka mzima, Clifford. Mwaka mzima wananicheka."

"Najua, dada'angu."

"Hujui. Ungejua ungesema."

Alitamani kumpiga na kitabu. Clifford akamweleza kwamba mambo yanamtoka kichwani: majina ya wateja, na juzi njia ya kurudi kwake. Mkewe Muriel ndiye pekee anayejua. Clifford akamwomba Edna amwache amalize siku nne hizi. Jumamosi, mbele ya wote, atasema ukweli. Edna alikubali, ila hasira alikwenda nayo nyumbani.

Alhamisi Clifford alimgeukia mara tano. Ijumaa Edna aliacha kuhesabu. Jumamosi alimpa kwa midomo karibu maneno yote ya sehemu ya pili, hadi taya zikamuuma. Nyimbo tu ndizo zilizombakia. Piano ikianza, aliimba kama zamani, bila kuhitaji mtu.

Mchezo ukiisha siku ya mwisho, wanachama hukusanyika jukwaani na mavazi yao, chai na pai ya nyama mkononi, na mwigizaji mkuu hushukuru. Edna alisimama pembeni, amechana nywele vizuri. Clifford akainua kikombe. Akamshukuru mpiga piano, akamshukuru Haydock.

"Na Edna wetu," akasema. "Mwaka jana alinikatiza kimya changu, mnakumbuka."

Wakacheka.

"Mwaka huu hakukosea hata mara moja. Tumpigie makofi."

Edna alimtazama midomo, alivyoizoea kwa siku nne. Akatafuta hila, akatafuta hata woga. Hakuona. Clifford alimtabasamia kwa upole, uso mkunjufu kabisa, mtu asiyekumbuka ahadi wala deni. Hakuwa anadanganya. Kule nyuma Muriel aliweka kikombe chini na kujifunika macho. Wote wakamgeukia Edna, wakisubiri aseme chochote.

"Kweli, Clifford," akasema. "Mwaka jana nilikosea mimi."

Wakampigia makofi. Haydock akatangaza kwamba kigoda ni chake hadi atakapokichoka mwenyewe. Edna akaitikia kwa kichwa, kisha akaenda kumletea Clifford koti lake, maana alikuwa akiangaza huku na huku, hajui ameliweka wapi.