Antena Iliyoelekea Mahenge

Katika safu yetu ya nyumba pale Kibaoni, antena zote zilitazama Mahenge. Niliporudi kutoka chuo nikauliza kwa nini.

"Mnara hukaa mlimani," baba alisema, "na milima iko kwetu Mahenge. Unataka niielekeze kwenye mpunga?"

Yeye ndiye aliyetangulia kusimamisha antena. Wengine waliiga tu, hata jirani yetu Msukuma ambaye Mahenge hajawahi kufika.

Picha iliganda kila mara, tukazoea. Shida ilianza kwaya ya mama iliporekodiwa parokiani, tukaambiwa itaonyeshwa Jumapili saa tisa alasiri, mara moja tu. Mama aliimba akiwa mstari wa pili, na soko zima lilikuwa limeshaarifiwa.

Jumapili hiyo, saa nane na nusu, nilitafuta kwenye simu mahali ulipo mnara. Ulikuwa upande wa pili kabisa. Nikaugeuza mwanzi wa antena. King'amuzi kikaandika kwamba hakuna mawimbi.

"Hongera, msomi," baba akasema. "Tulikuwa na picha mbovu, sasa tuna maandishi mazuri."

Jirani akadakia kutoka ng'ambo ya ua: "Nyie Wapogoro, hata antena yenu ikigeuzwa inakumbuka nyumbani!"

"Na yako, mtani, inamkumbuka nani huko Mahenge?" baba akamjibu.

Sikukubali kushindwa. Nikaung'oa mwanzi na kuuinua juu ya kichwa, mama akapaza sauti kutoka ndani: picha imekuja, safi kabisa. Nikaushusha, ikapotea. Kumbe mwelekeo ulikuwa sahihi, ila paa jipya la jirani lilitukingia mawimbi. Mwanzi mrefu zaidi hatukuwa nao, na saa tisa ilikuwa inagonga.

Mama, aliyetufinya utoto mzima kwa kukalia kinu, kwani kwetu ni mwiko, akakibeba mwenyewe kutoka jikoni, akakipindua uani.

"Mzee, panda. Wewe ndiye mrefu."

"Juu ya kinu?"

"Panda! Mwiko tutauzungumza kesho."

Akapanda, akainua mwanzi. Kwaya ikaanza. Mpiga picha alipenda maua ya altare kuliko waimbaji.

"Umetokea?" baba aliuliza kupitia dirishani.

"Bado! Usitikisike!"

"Mikono inakufa, mama."

"Iache ife!"

Ndipo mstari wa pili ukaja, na mama katikati yake, mdomo wazi, macho kayafumba. Alipiga kigelegele kikubwa mno hata baba akarukia chini, akakimbilia ndani kumwona. Alikuta yale maandishi ya king'amuzi.

Alisimama mbele ya kioo cha televisheni, anahema.

"Ulikuwaje?"

Mama akamtazama, akapanga miguu kando ya televisheni, akafumba macho, akaanza ule ubeti upya. Baba akaketi.

Nilijaribu kueleza kwamba baba akirudi upesi kwenye kinu tungeweza kuzipata beti zilizobaki. Hakuna aliyenisikiliza.