Nilivyoifuata Pete ya Baba Maskati

Nimekwenda Maskati kwa sababu ya pete moja, na anayesema nilikwenda kutembea ni mwongo. Mama yangu, Bi Shemsa, haoni tena. Tangu alipoanguka akalala kitandani, neno lake likawa moja: "Salma, nataka niishike pete ya baba yako kabla sijaondoka."

Wanaonijua wanajua kwetu hakukubaki kitu. Nyumba yetu ya mjini Unguja ilipoporomoka ilinichukulia mume wangu na kila kilichokuwemo, na mimi nikatolewa chini ya mawe na mguu huu ninaouburura. Msimamizi wa nyumba alikuwa Hilali. Nilimwambia Hilali boriti zimeoza, akanijibu, "Zitakaa, Bi Salma, nyumba za zamani hazianguki ovyo." Namtaja kwa jina kwa sababu bado anapita barabarani anatoa salamu kama hakufanya kitu. Basi katika vitu vya baba ilisalimika pete tu, na ilisalimika kwa kuwa haikuwepo. Nassor, mtoto wa ami yangu, aliichukua zamani akaenda nayo Maskati, ati awaoneshe wajuzi kisha airejeshe. Na huyo naye namtaja.

Pete yenyewe baba alipewa na Mtaliana, fundi wa meli, aliyeugua akauguzwa kwetu mpaka akasimama. Jiwe lake akiki nyekundu, ukubwa wa punje ya kunde. Juu limechongwa dundu, yule mdudu mwenye gamba gumu, na kichwa chake na mbawa zake. Limetobolewa, waya wa dhahabu ukapita, kwa hivyo linageuka kidoleni. Ukiligeuza, upande wa chini ulio bapa una mtu kapiga goti, kashika mkuki, kainamisha kichwa. Kadogo, lakini hata goti unaliona. Baba akienda msikitini alimweka dundu juu na yule mtu akamlaza chini, akasali zake. Wala halikuwa jambo la kujadili.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimebeba mashelisheli kuliko nguo. Zuwena, mke wa Nassor, alinitumia sauti kwenye simu, anataka shelisheli, anataka mabungo, anataka mchaichai wa shambani, kama huko kwao hakuna soko. Nikabeba. Uwanjani walinifungulia kila kitu mbele za watu. Yule kijana wa mizigo akalinyanyua shelisheli akauliza, "Mama, unahama?" Nikamwambia nakwenda kudai haki yangu, haya ni ya kufungulia mlango.

Kwenye ndege sikuona kitu ila mbawa na mawingu, nikalala.

Maskati ukitoka mlangoni joto linakupiga usoni kama umefunua chungu. Nassor alikuwepo, kanzu imenyooka, kofia ya kushonwa, ndevu zimekuwa nyeupe.

"Ahlan, karibu nyumbani, dada Salma! Bi Shemsa hajambo?"

"Hajambo kidogo. Pete iko wapi?"

"Subhanallah! Hata kwenye gari hujaingia!"

"Swali hilo nimetoka nalo Unguja, Nassor. Halingoji gari."

"Utaiona, inshaallah. Kwanza pumzika."

Hiyo "kwanza pumzika" ndiyo iliyonitoa roho. Kwa jamaa zetu wa huko mgeni haulizwi haja yake, na mgeni mwenyewe akiitaja mapema anaonekana hana adabu. Hapana anayekukatalia. Wanakulisha tu.

Mtaani Sib ndiko walikoanza kunizungusha. Kila nyumba ya jamaa ina kahawa yake na halwa yake, na ukiruka nyumba moja umetangaza vita. Nikaingia na mguu wangu, nikatoka, nikaingia. Kila nikifungua mdomo niseme pete, naona kijiko cha halwa kiko njiani kinakuja. Bibi mmoja akanikumbatia, akalia, akasema mimi ni baba yangu mtupu, kisha akaniuliza Unguja siku hizi mkate wa ufuta unauzwaje. Wameondoka kule wadogo, wengine wamezaliwa hukuhuku, na Kiswahili chao kizuri kuliko changu, lakini wanakuuliza kila kitu isipokuwa kilichokuleta.

Hail, nyumbani kwa Nassor, Zuwena alinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Alikaanga shelisheli usiku uleule. Nikamuuliza, "Zuwena, we unaijua pete ya baba?" Akageuza shelisheli kwenye mafuta, akasema, "Muulize mwenyewe, wifi. Mimi nna mawe yake mengine ya kunitosha."

Nikaja kuyaona hayo mawe mtaa mwingine, Khuwair ya Kusini. Nassor kastaafu serikalini, kakodi chumba juu ya duka la mapazia, na humo ndimo anamoishi hasa, nyumbani analala tu. Makabati yamejaa madroo membamba yaliyotandikwa kitambaa cheusi, na kila droo pete na vijiwe vya kuchongwa. Vya Wagiriki wa kale upande huu, vya Waetruski upande ule. Hao Waetruski, alinieleza, ni watu waliokaa Italia kabla Warumi hawajawa Warumi. Kavinunua minadani, kavinunua kwa watu, kaandikiana na wazee wa Ulaya asiowajua sura. Alinipa kioo cha kukuzia nikaona farasi, nyuki, mwanamke anafunga kiatu, mzee kaegemea fimbo. Kwenye jiwe la ukubwa wa ukucha! Nilitaka kukasirika nikashindwa kidogo.

"Tazama tundu," akasema. "La zamani wamelitoboa kutoka pande mbili, katikati halikutani sawa. Likinyooka kama bomba, ujue umeuziwa la juzi."

"Na hii mistari pembeni, kama kamba?"

"Hiyo ndiyo saini yao Waetruski. Mashaallah, jicho unalo, dada."

"Jicho ninalo. Madundu haya mengi mbona? Na kila dundu ukiligeuza mtu kapiga goti?"

Akafunga droo.

"La baba liko wapi, Nassor?"

"Adhuhuri imeingia," akasema, akatafuta viatu.

Ijumaa baada ya alasiri majlisi ya Nassor, sebule yake ya wageni, ilijaa. Wote jamaa, watoto wa ami na wa shangazi, wazee wenzangu, kwa hivyo niliingia nikakaa. Kahawa ikapita. Nikakipokea kikombe kwa mkono wa kulia, nikakiweka chini mbele yangu, sikuonja. Mazungumzo yakazimika moja kwa moja. Sikusoma mimi, darasa la nne liliniona mgongo, lakini hili baba alitufunza: Mwarabu mwenye haja kubwa hainywi kahawa ya mtu mpaka haja yake ikidhiwe, na kikombe kikipoa aibu ni ya mwenye nyumba.

"Dada, kunywa," Nassor akasema taratibu.

"Nna haja."

"Haja yako imekidhiwa, kunywa."

"Nataka pete ya baba yangu. Hapa. Sasa."

Mmoja wao, Khalfan, mtu wa mzaha, akasema, "Nassor, mpe mwanamke pete yake, watu tutadhani umemposa." Wakacheka. Nassor hakucheka. Aliinuka, akakawia ndani, akarudi na kiboksi kidogo.

Dundu alikuwepo. Nilimjua kabla sijamgusa. Nikaligeuza jiwe, na mtu hayupo. Upande wote umesagwa laini, na juu yake pamechongwa maandishi ya Kiarabu.

"Imeandikwa nini?" nikauliza, maana yale maandishi yamepambwa, sikuyaweza.

Khalfan akalichukua jiwe, akalisogeza kwenye dirisha, na mzaha ukamtoka usoni. "Imeandikwa Nassor bin Ali," akasema.

Nikamtazama Nassor. Alikuwa anatazama zulia.

"Nilikuwa kijana," akasema. "Nimefika huku, nimeanza kuishika dini kwa nguvu. Nikaona sanamu haifai kusalia. Nikampelekea fundi wa pete sokoni Sib, akaisaga. Nikaona uso mtupu haupendezi, nikamwambia aweke jina."

"Baba alikuwa anaigeuza! Anaigeuza tu, Nassor! Jiwe limetobolewa ili ligeuke!"

"Najua."

"Hukujua!"

"Sasa najua. Baadaye nilikwenda Italia kikazi, wakatuingiza makumbusho. Nikaliona dundu kama lile ndani ya kioo, limewashiwa taa peke yake. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi, wenzangu wakadhani naumwa. Tangu siku ile ninamtafuta mwenziwe. Madundu yote uliyoyaona, ninamtafuta yeye."

Akatoa jingine mfukoni. Akiki nyekundu, dundu, na chini mtu kapiga goti na mkuki. "Hili ndilo la karibu kabisa. Chukua. Bi Shemsa haoni, hatatambua."

Hapo ndipo nilipopandwa. "Haoni, Nassor, lakini vidole hajakatwa! Miaka yote umekaa na hili, umenisikiliza kwenye simu, umenilisha halwa Sib nzima, na dawa uliyonayo ni kumdanganya kipofu?"

Akalirudisha jiwe lake mfukoni. Khalfan akasema kwa sauti ya chini, "Basi dada, kunywa kahawa. Umeshapewa." Nikainywa. Ilikuwa imepoa.

Safari ya kurudi nilikaa na kiboksi mkononi tangu Maskati mpaka Unguja. La bandia sikulichukua, ingawa bandia silo, ni la kweli kuliko letu sasa. Njia nzima nilikuwa natunga namna ya kumwambia mama, na kila namna ilikuwa mbaya.

Nyumbani nikamvisha bila kusema. Akampapasa dundu, akatabasamu. Akaligeuza jiwe kwa kidole gumba, polepole, akasita.

"Mtu yuko wapi?"

"Kasagwa, mama."

"Na nani?"

"Nassor."

"Na hii mikwaruzo?"

"Jina lake."

Nilingoja laana. Mama akacheka mpaka kikohozi kikamshika, ikabidi nimwinue. "Jina lake!" akasema. "Nipigie simu nimsemeze."

Nikapiga. Nassor akaanza kulia na kuomba radhi, mama akamkata. "We Nassor, nyamaza nisikie mwenyewe ninavyosema. Pete hii ina jina lako. Mimi siwezi kuzikwa watu wananivua pete ya mwanamme mwengine kidoleni. Njoo uichukue kwa mkono wako. Mimi nakungoja, na nikikungoja mimi sifi, unanijua."

Nilichojifunza mimi ni kidogo, na nimekifuata mbali kwa mguu huu mbovu. Mkosaji anayekulisha ni mbaya kuliko anayekufungia mlango, kwa sababu yule wa mlango utamvunjia. Na cha kale usichokielewa, kigeuze kwanza, kabla hujakipeleka kwa fundi. Nassor sijamsamehe, na Hilali usiniulize.

Lakini mama tangu simu ile anakaa kitako. Ameniamrisha nitandike chumba cha wageni, na jana kaniuliza mara mbili ndege ya Maskati inatua saa ngapi.